Raba za Mlango na Vumbi la Makambako

Kabla ya lami, abiria wa Land Rover aliyetoka Makambako kwenda Njombe mwezi wa Oktoba aliteremka mwekundu kuanzia nywele hadi viatu, hata kama vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Vumbi lilipita penye raba za mlango zilizokufa, na lililo baya zaidi lilitokea nyuma. Gari la bodi ya mraba likiwa mwendoni huacha mgongoni mwake hewa hafifu inayolivuta vumbi lirudi, nalo hujipenyeza kwenye mlango wa nyuma mpaka kwa waliokaa kwenye mabenchi. Madereva wazoefu walifungua vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele. Upepo ukaingia kwa nguvu, ukajaa ndani na kulizuia vumbi lisipate nafasi.

Gari hilo lilizaliwa na shida. Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa ikigawa chuma kwa mgao, ndipo Maurice Wilks wa kampuni ya Rover akabuni gari la shamba lenye bodi ya aluminiamu. Lilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948 likiwa na turubai juu, na hakuna aliyejali sana kuziba maji wala vumbi. Huku kwetu, mwaka 1949 kampuni ya miti ya miwati ilianzishwa Kibena, Njombe. Katika miaka iliyofuata, Land Rover likawa gari la mabwana shamba, la misheni, la mashamba ya chai na la maofisa wa serikali, kwanza ya kikoloni na kisha ya kwetu.

Mpira wenyewe si mgeni kusini mwa nchi hii. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Liwale na jirani zake waligema utomvu wa mitambaazi ya porini, jamaa wa mbungo, wakaupeleka Kilwa kuuzwa ng'ambo. Wajerumani nao walipanda mashamba ya mpira upande wa Tanga, lakini mwaka 1913 bei iliporomoka baada ya mashamba ya Asia kulijaza soko. Tangu hapo nchi iliyouza mpira ikawa inanunua raba zilizokwisha kutengenezwa, na jambo hilo lilikuja kutuuma baadaye.

Lakini kwanza lilikuja vumbi. Novemba 11, 1965 Waziri Mkuu Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia, iliyotegemea njia ya huko, ikalazimika kupitisha mafuta yake Tanzania. Malori yalipita Makambako usiku na mchana kwenye barabara ya udongo ambayo Waingereza waliiita Njia ya Jehanamu: tope masika, vumbi kiangazi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, lami ya Dar es Salaam hadi Tunduma ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikaifanya Makambako mji wa stesheni. Barabara ya kwenda Njombe na Songea ilisubiri lami hadi miaka ya 1980.

Na miaka hiyo ndiyo raba zilipoadimika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na kiwanda cha Leyland cha Thika, kilichounganisha Land Rover, kikawa upande wa pili. Vita vya Kagera vilikula fedha za kigeni. Kwa nchi iliyokosa sabuni, raba ya mlango haikuwa na nafasi kwenye orodha ya uagizaji. Mafundi wakakata tyubu za magari vipande vyembamba, wakavikunja na kuvipiga ribiti. Nawaheshimu kwa hilo, kwani bila wao magari mengi yangebaki juu ya mawe. Lakini tyubu ni bapa. Raba halisi ina uwazi ndani unaobonyea mlango ukifungwa na kujaa tena ukifunguliwa, na hiyo ndiyo kazi yake yote.

Hasara haikuishia kwenye nguo. Ndani ya mlango wa Land Rover kuna fremu ya chuma iliyovishwa aluminiamu. Maji yakituama kati ya metali hizo mbili, chuma hushika kutu na aluminiamu huoza ikatoa unga mweupe. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wa Juni na Julai hauachi kitu kikauke. Ukiona Land Rover ya zamani imeoza milango, huenda shida ilianza kwenye raba.

Leo lami imefika Makete, na mteremko wa Lusitu hadi Mawengi kuelekea Ludewa una zege. Land Rover nyingi zilizobaki zinatunzwa kwa mapenzi, na raba mpya zinaagizwa. Mashaka yangu ni namna zinavyofungwa. Fundi huchomoa raba kuukuu, hubandika mpya juu ya kutu, mlango ukigoma kufunga anachukua wembe na kupunguza mpira. Hapo fedha imepotea.

Kazi hiyo huanza kwenye chuma. Toboa ribiti za zamani, ondoa ule ukanda wa bati unaoshika raba, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka praima na rangi, acha ikauke. Angalia bawaba, kwa sababu bawaba iliyolegea huushusha mlango na hakuna raba itakayoziba pengo hilo. Pima raba yote kabla ya kukata, usiivute, maana ikivutwa hurudi na kuacha mwanya kwenye kona. Usipake grisi wala oili chafu, huvimbisha mpira wa asili.

Mlango utakuwa mgumu siku za mwanzo. Rekebisha kikamatio cha kitasa, uuache ukiwa umefungwa, raba itajipa umbo lake. Fundi akishika wembe, mzuie.