Kanzidata isiyofuta: Mfumo unaohifadhi matukio badala ya salio

MKULIMA wa Kibondo au Kasulu anapoambiwa kuwa ghalani yamebaki magunia 80 ya maharage, hutaka pia kujua yamefikaje idadi hiyo. Programu nyingi za kompyuta haziwezi kumjibu, kwa kuwa huhifadhi tarakimu ya mwisho na kuifuta iliyotangulia.

Mfumo wa kuhifadhi data kama mfululizo wa matukio unakusudiwa kuziba pengo hilo. Humo kila badiliko huandikwa kama tukio lenye tarehe na saa yake, na likishaandikwa halifutwi wala halibadilishwi. Hali ya sasa hupatikana kwa kuyapitia matukio yote tangu la kwanza.

Chukulia chama cha ushirika kilichopokea magunia 120, kikauza 50, kisha mnunuzi akarudisha 10. Kanzidata ya kawaida hubaki na 80 tu. Ile ya matukio hubaki na mistari mitatu, na kila mmoja waweza kubeba jina la aliyeuandika. Mkulima akilalamika kuwa mali yake imepungua, ushahidi upo.

Makosa nayo hayafichwi. Karani aliyeandika 50 badala ya 45 huongeza tukio la masahihisho, na lile la awali hubaki likionekana.

Wazo lenyewe ni la kale. Mwaka 1494 mtawa wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice maelezo ya hesabu za pande mbili zilizokuwa zikitumiwa na wafanyabiashara, ambazo huandika kila muamala kabla ya kutafuta salio. Kwa upande wa kompyuta, mtaalamu Martin Fowler aliueleza mfumo huo katika makala ya mwaka 2005. Mwaka 2011 kampuni ya LinkedIn iliiachia umma programu ya Kafka, inayopokea na kutunza mifululizo ya matukio.

Watumiaji wa simu za mkononi wanaujua mwenendo kama huo kupitia M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kila muamala una namba yake ya kumbukumbu, na fedha zilizotumwa kimakosa zikirejeshwa, urejeshaji huo huwa muamala mwingine.

Hata hivyo, mfumo huu una gharama zake. Matukio hurundikana na kuyapitia yote huchukua muda, hivyo watengenezaji wa programu huhifadhi muhtasari kila baada ya kipindi na kuanzia hapo. Aidha, programu inapobadilishwa, ni lazima iendelee kuyasoma matukio ya miaka iliyopita.

Ugumu mkubwa zaidi ni faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatoa nafasi ya taarifa za mtu zisizo sahihi kurekebishwa au kufutwa, ilhali msingi wa mfumo huu ni kutofuta.

Njia mojawapo ni kuweka majina na namba za simu mahali pengine panapofutika, na kuacha katika matukio namba ya utambulisho pekee. Nyingine ni kuzifunga taarifa hizo kwa ufunguo wa siri, kisha kuuharibu inapobidi. Uamuzi huo unapaswa kufanywa kabla ya tukio la kwanza kuandikwa.