QUEEN: ALBAMU 15, CHATI ZAKE NA YULE MZALIWA WA ZANZIBAR

Niko Kwakoa, huku Upareni. Vijiweni ubishi hauishi: Freddie Mercury ni wa kwetu au siyo? Nimeona bora nimwage data, kila mtu ajisomee.

Jamaa alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Wazazi wake ni Waparsi wenye asili ya India (Waparsi, siyo Wapare, msije mkaanza kudai undugu!). Shule alisoma zaidi India. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Mwaka 1970 jijini London akaunda Queen na Brian May (gitaa) na Roger Taylor (dramu). Mpiga besi John Deacon akaingia 1971. Hao wanne wakabaki hivyo hivyo mpaka Freddie alipofariki, 24 Novemba 1991.

ALBAMU ZA STUDIO (na nafasi ya juu kabisa Uingereza)

Queen, 1973 (24)
Queen II, 1974 (5)
Sheer Heart Attack, 1974 (2)
A Night at the Opera, 1975 (1)
A Day at the Races, 1976 (1)
News of the World, 1977 (4)
Jazz, 1978 (2)
The Game, 1980 (1)
Flash Gordon, 1980 (10)
Hot Space, 1982 (4)
The Works, 1984 (2)
A Kind of Magic, 1986 (1)
The Miracle, 1989 (1)
Innuendo, 1991 (1)
Made in Heaven, 1995 (1)

Marekani ni The Game peke yake iliyoshika namba 1. Greatest Hits ya 1981 ni mkusanyiko, haimo humo, lakini Uingereza imepita mauzo milioni 7.

SINGO

Bohemian Rhapsody ina karibu dakika 6, ndefu kuliko redio zilivyozoea. Ikakaa namba 1 Uingereza wiki 9 kuanzia mwishoni mwa 1975, na Freddie alipofariki ikarudi tena namba 1. Marekani ilifika 9 mwaka 1976, halafu 2 mwaka 1992 baada ya kutumika kwenye filamu ya Wayne's World. Namba 1 zao za Marekani ni mbili, zote za 1980: Crazy Little Thing Called Love na Another One Bites the Dust.

SASA TUJE KWETU

Namba zote hizi zipo kwa sababu kule kuna watu kazi yao ni kuhesabu. Bendi zetu nyingi za miaka ya 70 na 80 zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikapigwa hewani, kaseti zikadurufiwa mtaani, na hakuna aliyehesabu. Kwa hiyo mtu akikwambia bendi zetu hazijawahi kuwa na hiti kwa vile hazimo kwenye chati, mwambie chati inapima kilichohesabiwa tu. Hela ya msanii nayo hufuata hesabu hiyo hiyo. Wewe unayerekodi leo, andika kila kitu: tarehe, studio, nani kapiga nini, nakala ngapi zimetoka.

Kuhusu ubishi wetu, mimi nasema kuzaliwa ni Zanzibar, muziki ni London. Tangu 2019 kuna makumbusho yake Shangani, Mji Mkongwe. Wenye hoja tofauti, uwanja ni wenu.

Nawakilisha.