Waliopanda Bila Bunduki

Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi Desemba, makundi ya watu hupanda njia yenye mawe ya Hawk Mountain, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, wakawatazame tai, mwewe na vipanga wanaohamia kusini. Upepo unaogonga safu ya Kittatinny hulazimika kupanda, na ndege huelea juu yake bila kuchosha mbawa. Ndiyo maana hupita karibu na kilele, na ndiyo maana zamani waliopanda huko walikuwa wapigaji bunduki. Waliwaua ndege hawa kwa wingi wakiwaona maadui wa kuku na wa wanyama wa kuwindwa. Sheria ya Marekani ya 1918 kuhusu ndege wahamao haikuwagusa, na tangu 1929 jimbo lilitoa dola 5 kwa kila kozi aliyeuawa. Mwaka 1932 mpenzi wa ndege Richard Pough alipiga picha za mizoga iliyopangwa safu kwa safu. Picha hizo zilimgusa Rosalie Edge, mwanaharakati aliyekwisha kupigania haki ya wanawake kupiga kura, naye akaikodi ardhi ya mlima huo mwaka 1934, akamwajiri Maurice Broun kuilinda.

Yawezekana kudai kwamba kilichowaokoa ndege ni mkataba wa ardhi na mlinzi wake, si matembezi ya watazamaji. Lakini mlinzi hulinda mlima mmoja tu, na ndege huvuka majimbo na nchi. Kilichohitajika ni umma wenye sababu ya kuwathamini, pamoja na ushahidi wa hali yao. Watazamaji waliochukua nafasi ya wapigaji bunduki walikuwa umma huo. Ushahidi ulitokana na hesabu aliyoianza Broun msimu uleule wa kwanza. Wengine watauliza hesabu za mlimani zina uzito gani, ilhali jicho hukosea na ndege wengine hupita bila kuonekana. Ni kweli, idadi ya siku moja haithibitishi mengi. Hata hivyo, kilele kilekile kikihesabiwa msimu baada ya msimu, mabadiliko makubwa hayafichiki. Tena kwa tai wa Marekani, mzima ana kichwa cheupe na chipukizi ana rangi ya kahawia, hivyo kuwatofautisha hakuhitaji shahada. Mwandishi Rachel Carson alizitumia hesabu hizo katika kitabu chake cha 1962, *Silent Spring*: kati ya 1935 na 1939, asilimia 40 ya tai hao walioonekana walikuwa wachanga, kati ya 1955 na 1959 walikuwa asilimia 20 tu. Tai waliendelea kupita, ila walikuwa hawazai vya kutosha, na Carson akaielekezea kidole dawa ya kuulia wadudu ya DDT.

Matumizi mengi ya DDT yalipigwa marufuku Marekani mwaka 1972, na mwaka huohuo sheria ya ndege wahamao ikapanuliwa ili iwakinge mwewe na jamaa zake. Sheria hizo zilikuja baada ya hesabu, si kabla yake. Kwa hiyo anayeyaita matembezi haya mchezo wa wasio na kazi hajaisoma historia yake.