Uhariri wa tamthilia za kigeni (Pemba)

Uhariri wa tamthilia za kigeni ni kazi ya kukata, kugawa na kutia sauti upya vipindi vya televisheni vilivyotengenezwa nchi moja ili vionyeshwe nchi nyingine. Kisiwani Pemba yanayoonekana ni matokeo tu. Picha hufika Wete, Chake Chake na Mkoani zikiwa zimekwisha kupita kwenye mikasi ya Istanbul, Beijing au Dar es Salaam.

Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Umeme wa Pemba, hata hivyo, ulitegemea majenereta mpaka 2010, ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga. Azam TV ilipoanza 2013, king'amuzi kilikuwa na pa kuchomekwa.

Watu husema mkasi ni wa maadili, lakini unaokata zaidi ni wa muda. Tamthilia ya Kituruki Muhteşem Yüzyıl (2011–2014), iliyopendwa Afrika Mashariki kwa jina la Sultan, ilirushwa Uturuki mara moja kwa wiki, na sehemu moja iliweza kukaribia saa mbili. Wanunuzi wa nje hutaka dakika 45 hivi. Basi sehemu moja huzaa mbili au tatu, na mwisho huangukia popote: mhusika Hurrem kafungua mdomo ajibu, muziki huo, tuonane kesho. Taharuki hiyo hakuitunga mwandishi. Imetokana na saa ya ukutani.

Maadili nayo hayakusahauliwa. Mwaka 2008 televisheni ya Kiarabu ya MBC ilipotafsiri Gümüş ya Kituruki kwa Kiarabu cha Shamu, tamthilia iliitwa Noor, mhusika Mehmet akawa Muhannad, na baadhi ya mandhari ya mapenzi yakaondolewa. Huko Uturuki kwenyewe sigara hufunikwa kwa ukungu kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo ukungu ambao mtazamaji wa Pemba huishukuru sensa ya Unguja huenda umetiwa Istanbul. Zanzibar inalo Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, lililoundwa kwa sheria ya 2015, ila mawimbi ya setilaiti hayateremki bandarini Mkoani yakakaguliwa kama mizigo.

Kutia sauti ndiko kugumu kuliko kukata. Mwaka 2011 TBC ilionyesha kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina kuhusu mkamwana Mao Doudou, ambayo Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Kichina husema mengi kwa silabi chache. Mama wa mume ni popo, silabi mbili. "Mama mkwe" ni nne, na midomo ya mwigizaji imekwisha kufumbwa. Kuliacha neno la asili kusingefaa, hasa Pemba, kisiwa chenye popo wake mkubwa asiyepatikana kwingine duniani: mke angesikika akimwamkia popo kwa heshima zote.