Jina la leso: Herufi chache zinazompa mvaaji sauti

Kazi yangu ni kupanga herufi na picha. Ofisini huitwa mbunifu wa michoro. Mtaani mie ni dizaina tu. Vitabu tulivyosomeshwa chuoni vilianzia mitambo ya uchapishaji ya Ulaya, vikapitia mabango ya Paris na fonti za Uswisi, vikaishia hapo. Leso haikutajwa. Na hali maandishi ya leso yamekaa viunoni na mabegani mwa watu wetu kwa takriban karne nzima. Hebu tuyatazame kwa jicho la fundi wa herufi.

Tuanze na neno lenyewe. 'Leso' limetokana na neno la Kireno lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Wanahistoria wa mavazi husimulia kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Pwani na visiwani walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa kutoka kwenye jora, wakaviunganisha na kupata vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaanza kuagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapishwa. Jina la pili, kanga, inasemekana lilitokana na madoadoa yaliyofanana na ya ndege kanga.

Lakini suala halikuwa urembo pekee. Enzi za utumwa, nguo ya mnyonge ilikuwa merikani isiyo na nakshi, au kaniki yenye rangi ya giza. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Zanzibar mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliotoka utumwani waliiweka kando kaniki wakajitanda nguo za rangi. Aliyezoea kutoonekana akaanza kuonekana. Baadaye akaanza pia kusomwa.

Leso za mwanzo hazikuwa na maneno. Maneno yalikuja mapema katika karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Mjini Mombasa, sifa ya kuyaanzisha hupewa mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887 na alama yake, 'Mali ya Abdulla', ingali inajulikana.

Sasa itandaze leso moja uitazame. Kuna pindo, fremu inayozunguka pande zote nne. Kuna mji, uwanja wa katikati. Na chini ya mji, juu kidogo ya pindo, kuna jina: mstari mmoja wa herufi kubwa, aghalabu bila hata nukta. Dizaina wa leo angesema fonti hiyo haina mvuto. Mie nasema hapo ndipo penye ufundi.

Chukua msemo HASIDI HANA SABABU. Hasidi ni nani? Anayesema ni nani? Nguo haisemi. Mvaaji akipita mbele ya jirani waliyekosana, msemo huo ni mshale. Akimpa dada yake aliyesengenywa, ni pole. Mtu akikasirika, mvaaji ana jibu: "Kwani nimekutaja? Mie nimevaa nguo tu." Herufi zimetulia, hazipigi kelele, kwa hivyo mvaaji ndiye anayeutia msemo sauti. Ukizipinda kwa madoido na kuongeza alama ya hisi, umeshamsemea, na ngao yake umemnyang'anya.

Kwa sababu hiyo, kosa dogo la lugha kwenye leso si dogo. Mteja mmoja aliniletea jina alilotaka lichapishwe: UPENDO WA MAMA HAINA KIFANI. Nikamwambia upendo uko katika ngeli ya U, basi ni HAUNA. Akanijibu, "Si watu wataelewa tu?" Kweli wangeelewa. Katika mazungumzo ya Nairobi 'haina' hubebeshwa kila ngeli, nami nikiwa kwenye matatu huisema hivyo hivyo. Lakini neno la mdomoni hupita. La leso hukaa. Leso hiyo ingetunzwa sandukuni, ingembeba mtoto mgongoni, na mtoto huyo angejifunza kuzitambua herufi kwayo.

Tulivutana siku mbili. Mwishowe mteja akayaondoa maneno yote akaweka ua kubwa. Nguo ilipendeza, sikatai. Ila haikuwa leso tena; ungeweza kuitandika mezani na isikupungukie kitu.

Hofu yangu ni kwamba tunaelekea huko. Siku hizi ni rahisi kuchora nakshi kwa kompyuta bila kujua Kiswahili, na maneno huongezwa mwishoni kama pambo. Wanunuzi wa Mtaa wa Biashara, Mombasa, hawaongozwi na rangi peke yake. Mwanamke huikunjua leso, akauliza, "Inasemaje?" Asiporidhika na jibu, huirudisha hata kama rangi imemvutia.

Basi mwenye kiwanda anayemlipa mchoraji amlipe pia mtu wa lugha, na amwite kabla mchoro haujaanza. Nanyi walimu, mkitafuta mifano ya upatanisho wa kisarufi, semeni na wanafunzi waje na leso moja moja kutoka nyumbani. Wazisome kwa sauti, kisha waulize nyumbani kila moja ilinunuliwa kumwambia nani.