Shule ya watoto wetu: nani atoe pesa, nani ashike ufunguo?



Leo tuzungumze juu ya shule. Watoto wanazurura, madarasa yaliyopo yamejaa, na watu wameanza kusema: tuchange, tujenge. Hapo maswali mawili yanazaliwa. Mwenyeji anauliza: «Kwa nini nitoe pesa kwa watoto wa watu watakaorudi kwao kesho?» Mhamishwa naye anauliza: «Nitoe nini, mimi ninayelala chini ya shitingi?» Maswali yote mawili ni ya haki. Lakini kabla ya kuyajibu, turudi nyuma kidogo, maana katika nchi yetu kila shule ina historia ya mtu aliyeilipia.

Tarehe 26 Mei 1906, serikali ya mfalme Leopold II ilifanya mapatano na Vatikano. Misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi, hekta 100 mpaka 200 kila moja, nazo ziliahidi kufungua shule za kufundisha hasa kilimo na kazi za mikono. Katika miaka ya 1920 pesa za serikali ya Wabelgiji zikafuata, lakini zilikwenda kwa misioni za Kibelgiji, nyingi zao za Wakatoliki. Waprotestanti walingoja mpaka karibu 1948. Shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kikongomani zilianza mwaka 1954, miaka 6 tu kabla ya uhuru. Kwa hiyo, muda mrefu, mtoto aliyetaka kusoma alipita kwanza kwa mlango wa dini. Somo la kwanza ndilo hilo: anayelipa ndiye anayeshika ufunguo.

Wakati huohuo kuna watu waliofungiwa mlango. Mwaka 1921 Simon Kimbangu alikamatwa, akafungwa mpaka alipokufa Élisabethville mwaka 1951. Wafuasi wake wengi, pamoja na jamaa zao, walihamishwa kwa nguvu na kupelekwa mikoa ya mbali. Ninyi mliohamishwa mnaelewa vizuri neno hilo. Lakini kanisa lao lilipotambuliwa mwaka 1959, lilikuwa na watu waliozoea kujitegemea, nalo likajenga shule, zahanati, na hekalu kubwa la Nkamba lililofunguliwa mwaka 1981. Pesa zilitoka wapi? Zilitoka katika desturi wanayoiita nsinsani. Wanaume, wanawake na vijana wanashindana kutoa. Kila kundi linakwenda mbele ya meza kwa nyimbo, mmoja anaweka pesa nyingi, mwingine kidogo. Kisha pesa zinahesabiwa palepale na jumla inatangazwa kwa sauti mbele ya wote. Kundi lililoshindwa linaweza kurudi tena. Mwishoni mfuko ni mmoja na kazi ni moja. Somo la pili: maskini wanaweza kujenga, kama hesabu inafanywa mbele ya macho ya watu.

Sasa tuje kwa historia inayotuuma. Mwisho wa 1974 Mobutu alitangaza kwamba shule zote ni za serikali. Mwaka 1977 serikali ikasaini mapatano ya kuwarudishia makanisa usimamizi wake. Katika miaka ya 1980 pesa za elimu zilipungua sana, na mishahara ya walimu ikawa kitu cha kuchekesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimu waligoma kwa muda mrefu, madarasa yakafungwa. Ndipo wazazi, kwa mapatano na makanisa, wakakubali kumsaidia mwalimu kwa pesa tuliyoizoea kwa jina la prime. Walisema ni msaada wa muda mfupi. Nia ilikuwa njema. Lakini msaada uligeuka sharti, na sharti likakaa zaidi ya miaka 25.

Mimi mwenyewe nimepita humo. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na asubuhi moja direkta aliingia na karatasi, akasoma majina ya wasiolipa. Jina langu lilikuwamo. Nilirudi nyumbani nikimkuta mama akipanga mihogo ya kuuza, na hakuniuliza kitu, alijua. Baadaye nilisoma sheria chuo kikuu, lakini sijasahau karatasi ile. Aliyeisoma hakuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na watoto wenye njaa. Hilo ndilo somo la tatu: mchango mzuri unaweza kugeuka ukuta mbele ya mtoto maskini.

Sheria imejaribu kuubomoa ukuta huo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imerudia jambo hilo. Mwezi wa 9 mwaka 2019 serikali ilianza kulitekeleza, na watoto wengi waliokuwa nyumbani wakajaza madarasa. Mabenchi hayakutosha. Ndiyo maana mnataka kujenga, na mna haki.

Basi, ndugu zangu, mkichanga, shikeni mambo manne.

Kwanza, changieni matofali, manjanja na mabenchi. Msichangishe ruhusa ya mtoto kukaa darasani. Katiba inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Mchango ni wa hiari. Asiye na pesa abebe mchanga au achote maji, na jina lake liandikwe pamoja na wengine.

Pili, tafuteni hati ya kiwanja kabla ya tofali la kwanza. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Neno la chefu ni la heshima, lakini bila maandishi, kesho mtoto wake atauza kiwanja, na shule yenu itazaa kesi mpya.

Tatu, komite iwe na wenyeji na wahamishwa, wanaume na wanawake. Anayeshika pesa asiwe yeye anayeshika daftari. Kila mwisho wa mwezi someni hesabu hadharani.

Nne, andikeni tangu mwanzo kwamba mtoto yeyote ataingia, wa kabila lolote na wa kambi yoyote.

Kwako mwenyeji: mhamishwa akirudi kwake, hatabeba ukuta kichwani. Darasa litabaki kwa wajukuu wako. Kwako mhamishwa: siku utakapoondoka, acha mahali ambapo watu watasema, «Hawa walijenga pamoja nasi.» Vita vinapoanza, mara nyingi vinaanza kwa swali la nani ana haki ya kuwa hapa. Jibuni swali hilo kwa orodha ya darasa ambayo majina ya watoto wote yameandikwa, na hakuna aliyeitwa atoke nje.

 Amani iwe kwenu na kwa nyumba zenu.