Kilichowaua Wagonjwa wa UKIMWI Wodini

Juni 1981, madaktari wa Los Angeles waliripoti vijana watano wa kiume waliopata nimonia ya nadra. Ripoti hiyo fupi ndiyo iliyofungua historia ya UKIMWI, na kwa miaka kadhaa ugonjwa ukafundishwa kwa sura yake ya Marekani: vimelea adimu vya mapafu, saratani ya Kaposi, maradhi ambayo daktari wa kawaida alikuwa hajawahi kukutana nayo.

Wodi za Afrika Mashariki zilikuwa na habari nyingine. Mgonjwa alifika na homa kali, akaandikiwa dawa ya malaria, akafariki baada ya siku chache. Kuotesha damu kungeonyesha kinachomuua, lakini hospitali zenye uwezo huo zilihesabika. Kazi yenyewe inaelezeka kirahisi: ngozi inasafishwa kwa spiriti, damu kidogo inavutwa kwa sindano na kutiwa kwenye chupa yenye supu ya kukuzia vijidudu, kisha chupa inakaa kwenye joto la nyuzi 37. Supu ikichafuka, kuna kilichoota. Ugumu uko kwenye vifaa, umeme usiokatika, na fundi wa maabara anayejua anachokitazama.

Mwaka 1990, Charles Gilks na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kazi ya namna hiyo iliyofanyika Nairobi, kwa wagonjwa 506 waliolazwa kwa dharura. Kati ya wenye VVU, asilimia 26 walikutwa na bakteria ndani ya damu. Kwa wasio na VVU ilikuwa asilimia 6 tu. Na bakteria wenyewe walikuwa wa mtaani kabisa: nyumokokasi, yuleyule wa kichomi, pamoja na salmonela asiyeleta homa ya matumbo, ambaye mtu mwenye afya humaliza naye kwa kuhara siku chache. Dar es Salaam nako, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta kifua kikuu kikiongoza miongoni mwa vijidudu vilivyooteshwa kutoka kwenye damu ya watu wazima waliolazwa na homa.

Lakini kwa nini bakteria? VVU hushambulia seli za kinga ziitwazo CD4, na hizo si zinazowameza bakteria. Wanaomezwa humezwa na seli nyingine, makrofaji. Tatizo ni kwamba makrofaji huhitaji ishara ya kemikali kutoka kwa CD4 ili imuue vizuri iliyemmeza. Ishara isipofika, salmonela au kimelea cha kifua kikuu hustarehe humohumo, kama mwizi aliyepewa kitanda kituo cha polisi.

Nyumokokasi ana hadithi yake. Huyu huhitaji kwanza kupakwa kingamwili ndipo amezwe, na tangu 1983 watafiti wa Marekani walikuwa wameonyesha kuwa seli B, zinazotengeneza kingamwili, huchachamaa ovyo kwa mgonjwa wa UKIMWI, kisha hushindwa kuitikia adui mpya. Uganda ilionja matokeo yake. Huko Entebbe watu wazima 1,392 wenye VVU walishiriki jaribio la chanjo ya nyumokokasi. Majibu yalipotoka mwaka 2000, chanjo haikuwa imewakinga, na nimonia ilikuwa nyingi zaidi kwa waliochanjwa.

Kilichoshangaza zaidi kilitoka Malawi mwaka 2010. Wagonjwa wenye VVU hawakuwa na upungufu wa kingamwili dhidi ya salmonela. Walikuwa nazo kupita kiasi, za aina iliyolenga ganda la bakteria huyo na kuzuia asiuawe. Hapo ndipo ile picha ya kinga iliyoisha tu ilipoonekana kuwa nyepesi mno: kinga ilikuwepo, ila ilikuwa imevurugika.

Wakati maabara zikibishana, kliniki zilikuwa zimeshapata silaha ya bei nafuu. Majaribio ya Abidjan yaliyochapishwa 1999 yalionyesha kuwa Septrin, kidonge cha antibiotiki cha kila duka la dawa, kikimezwa kila siku huwapunguzia wenye VVU maradhi makali. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakapendekeza kitumike Afrika. Zambia ikafuata na watoto wenye VVU: mwaka 2004 ikaripotiwa kuwa vifo vilipungua kwa asilimia 43, tena mahali ambapo bakteria wengi walikuwa wameshaizoea dawa hiyo. Wakati huo ARV za bei nafuu, dawa za kupunguza makali ya VVU, zilikuwa bado hazijawafikia wagonjwa wengi.